Hatua Mia Kutoka Majini

Baba Kulwa,

Sikuulizi hali yako, kwa sababu nimeshaiona kwa macho yangu. Huko mbele nitakueleza niliionea wapi. Huku kwetu tu wazima. Binti zako wamekua. Doto amenipita kimo, na Kulwa, ingawa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, bado ananifika begani. Mama yangu macho yamemwishia, lakini ulimi wake uko vilevile unavyoujua. Salamu ni hizo. Nimezifanya fupi kwa kuwa nina hasira, na mtu mwenye hasira akirefusha salamu anakuwa mnafiki.

Nakuandikia habari ya nyumba. Ile nyumba yetu ya mwaloni, pale mitumbwi inapovutwa mchangani, haipo tena. Ilianguka masika ya mwaka jana, mchana kweupe, watu wakiwa macho. Nilikuwa jikoni kwa samaki, mimi na jirani yetu Mama Sabina, tunageuza sato juu ya moshi. Upepo ukaja kutoka upande wa visiwani. Maji yakarudi nyuma kwanza, mpaka tukaona mawe ambayo sijawahi kuyaona tangu nizaliwe, kisha yakaja. Wimbi la kwanza lilimega ukuta wa upande wa ziwa kama mtu anavyomega ugali. La pili likaingia ndani. Paa lako la madebe, yale uliyoyakunjua kwa nyundo moja moja, liliruka zima zima likaenda kutua kwenye mihogo ya Mzee Lugata. Watoto walikuwa shuleni misheni, namshukuru Mungu kwa hilo. Aliyekufa ni mbuzi. Mimi niliokoa sufuria mbili, kiti kimoja na ubavu mmoja wa kitanda, nikasimama maji yakiwa magotini, nikacheka. Mama alidhani nimepata wazimu.

Nilicheka kwa sababu niliikumbuka siku uliyopima.

Unaikumbuka? Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita kwisha. Ulivua viatu vyako vya mgodini, ukasimama pale maji yanapolamba mchanga, ukaanza kuhesabu hatua. Ulifika thelathini ukasimama. Ukatazama nyuma. Ukarudi mpaka kumi na tano, ukachomeka kijiti ukasema, "Mlango hapa." Baba yangu, aliyekuwa hai bado, akakwambia, "Masanja, mkwe wangu, ziwa halijui vijiti vya watu. Panda juu kidogo." Wewe ukamjibu kwa adabu, lakini kwa kicheko, "Baba, mimi mtu wa Shinyanga. Kwetu maji tunayafukua mchangani kwa mikono, tunayagawana na ng'ombe. Leo Mungu amenipa maji yasiyo na ng'ambo, nikae nayo mbali?" Baba naye akacheka. Mtu hawezi kugombana na mwenye kiu.

Ulikuwa unafanya kazi stoo kule mgodini Geita, ukija kila Jumamosi kwa baiskeli, umefunga nyuma madebe matupu kwa kamba ya katani. Siku sita nilikuwa nakanda udongo peke yangu, siku ya saba unakuja kunisifu. Silalamiki kwa hilo. Wakati ule nilikuwa na tumbo la mapacha, wala sijui kama ni wawili, najua tu kwamba nikiinama kuinuka ni kazi. Ukifika ulikuwa unaizunguka nyumba, unaupapasa ukuta kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari, unasema, "Mama wa nyumba, huu ni ukuta." Sikuwa na jina jingine bado. Baadaye nikawa Mama Kulwa, na wewe Baba Kulwa, na hayo majina mpaka leo hakuna aliyetuvua.

Nakumbuka mvua zile za mwanzo, tulipofungiwa ndani siku tatu, ukanifundisha kusoma na kuandika. Uliandika kwa mkaa ubaoni mwa mlango kwa upande wa ndani. Neno la kwanza lilikuwa sato, kwa sababu ni fupi. La pili lilikuwa jina langu. Nilipoliona jina langu limeandikwa nilikuuliza, "Ndilo hilo tu?" Nilidhani litakuwa refu zaidi. Ulicheka mpaka ukalala chini, na watoto wakaamka wakaanza kulia, mmoja akaanza na mwenzake akafuata. Nimekutana na watu wengi tangu siku hizo, Baba Kulwa, wala sijaona mwalimu mvumilivu kama wewe. Ndiyo maana nilipoteza miaka mingi nikikutetea.

Kisha, binti zetu walipokuwa wameanza shule, zikaja habari za almasi. Kila aliyepita mwaloni alikuwa na habari za Mwadui: nyumba za bati zilizopangwa kwa mistari, taa zinazowaka zenyewe, kazi za kila namna. Ulizisikiliza wiki mbili. Halafu ukasema, "Miezi sita tu, Mama Kulwa. Nikirudi tutaipiga nyumba saruji." Nilikusindikiza mpaka kwenye meli na sanduku lako la bati. Zikaja barua tatu. Ya tatu ilisema umepata kazi nzuri na kwamba niwabusu watoto kwa niaba yako. Baada ya hapo, kimya. Miaka sita.

Sasa rudi kwenye nyumba.

Wiki moja baada ya tufani, mimi na wanawake wenzangu tulianza kukata fito. Sikuwa na wazo jingine. Nyumba imeanguka, nyumba inasimamishwa, ndivyo nilivyojua. Tulikuwa tumechimba mashimo manne tu, mwanangwa wetu, Mzee Ngassa, msimamizi wa kijiji kwa niaba ya mtemi, akaja na fimbo yake.

"Mama Kulwa, acha hayo mashimo."

"Shikamoo, mwanangwa."

"Marahaba. Acha hayo mashimo. Kuna amri mpya. Hakuna nyumba karibu na maji kuliko hatua mia. Wamesema ni mbung'o, wamesema ni mafuriko, wamesema na mengine sikuyashika. Anayetaka kujenga ufukweni lazima awe na kibali cha bomani."

"Nyumba ilikuwepo kabla ya amri."

"Ilikuwepo. Sasa haipo. Ingekuwa imesimama hakuna ambaye angekugusa."

Nikamwambia sawa, niandikie nipeleke bomani nikaombe hicho kibali. Akajikuna kichwa. Unamjua Mzee Ngassa anavyojikuna kichwa akiwa na neno baya. Akasema, "Shida ni kwamba nyumba ile katika daftari imeandikwa kwa jina la mumeo. Mwenye kuomba ni mwenye nyumba. Mlete aje aombe."

Mlete! Kama kwamba nimekuficha chini ya mtungi.

Nilikwenda bomani mwenyewe. Unajua ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, ukitoka jogoo la kwanza unafika jua limeinama. Safari ya kwanza karani aliniambia Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, yuko ziarani, rudi baada ya wiki mbili. Nikalala kwa ndugu wa Mama Sabina, nikarudi. Safari ya pili Bwana Shauri yupo, lakini karani akasema hawezi kunipeleka mbele yake bila maneno ya Bwana Afya. Bwana Afya ni lazima aje kuona mahali penyewe. Alikuja baada ya mwezi, amevaa soksi ndefu, akatazama mashimo yangu manne, ambayo maji yalikuwa yameshayajaza, akauliza, "Choo kitakuwa wapi?" Nikamwonyesha. Akaandika. Akauliza miti ya kujengea natoa wapi. Nikamwonyesha msitu. Akasema, "Hiyo si kazi yangu, hiyo ni ya Bwana Miti." Bwana Miti akasema miti si neno, lakini yeye hatoi ruhusa ya kukata kabla ya kuona kibali cha nyumba. Na karani hatoi kibali kabla ya kuona ruhusa ya miti.

Baba Kulwa, nilikaa kwenye benchi lile la bomani nikawatazama watu wanaopita, nikajiuliza kama wote hawa wana akili au ni mimi nisiye nayo. Wakati huo tumelala wapi? Kwa mama yangu, watu wanne katika chumba kimoja, na samaki nawakausha nje bila ukuta, mvua ikinyesha nageuka paa lao mimi mwenyewe. Moto ukizimika samaki wanaoza. Wateja wa mgodini waliokuwa wakinisubiri kila Jumamosi wakaanza kununua kwa wengine. Kila siku niliyokaa kwenye benchi lile, kuna kikapu kilichotupwa ziwani.

Safari ya nne nikaonana na Bwana Shauri. Si mtu mbaya. Alinipa kiti. Kiswahili chake ni kile cha kitabuni, kila neno amelifunga vifungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi naelewa shida yako. Lakini nyumba ni ya mume wako. Mimi siwezi kumpa mtu mmoja nyumba ya mtu mwingine. Lete karatasi yenye sahihi yake, nami nitatazama upya hata hilo jambo la hatua mia."

"Bwana, sijui aliko."

"Hujui kabisa?"

Nilijua. Watu wa malori wana macho. Mwaka mmoja kabla ya tufani, dereva mmoja alikuwa ameniambia kwamba amekuona Maganzo, nje ya lango la Mwadui, umenenepa. Nilikuwa nimemwambia amefananisha.

Karani akaandika karatasi. Ilisema kwamba wewe, Masanja wa mahali fulani, mwenye nyumba, unaomba na unaridhia mkeo aijenge upya. Chini kulikuwa na mstari mtupu wa kutia sahihi. Niliikunja, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikaja kwako.

Ndiyo. Nilikuja.

Nilipanda meli mpaka Mwanza, nikapanda gari moshi mpaka Shinyanga. Niliona ile nchi yako kwa mara ya kwanza. Nyeupe, kavu, ng'ombe wamesimama kwenye vumbi kama wamesahauliwa. Nikawaza, maskini, kumbe hukutania siku ile ulipomjibu baba yangu. Toka Shinyanga nikapata lori. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa maneno. Mengine ya kukutukana, mengine ya kukusihi. Nayabadilisha kila lori linaporuka shimo.

Maganzo haikuwa shida kukuulizia. Mtu wa kwanza tu niliyemwambia "Masanja wa stoo, mtu mrefu, anayecheka sana," akaninyooshea kidole. Nyumba ya udongo, imepakwa chokaa mbele tu. Ukutani umeegemeza baiskeli. Mlangoni amekaa mwanamke kijana anachambua mchele, mtoto mgongoni.

"Karibu, dada," akasema kabla sijafungua kinywa. "Umetoka mbali, naona miguu yako. Kaa."

Akanipa maji. Akaniuliza namtafuta nani, nikamtaja. Akauliza, "Wewe ni nani wake?"

Baba Kulwa, maneno yote niliyoyaandaa yalinitoka. Nilimtazama yule binti, na jasho lake puani, na ungo wake wa mchele, nikasema, "Mimi ni dada yake. Wa kule ziwani."

Akafurahi! Akanyanyuka, akapiga magoti, akaniamkia upya kama wifi. Akaniambia yeye ni mtu wa Singida, ndugu zake wako mbali, na wewe hujawahi kumwonyesha ndugu hata mmoja, kwa hiyo alikuwa ameanza kuwaza kwamba umeanguka kutoka mbinguni. Tukacheka wote wawili. Akamfungua mtoto mgongoni akaniwekea mapajani.

"Huyu anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Shija. Baba yake alilitaka jina hilo. Alikataa kabisa majina ya kwetu. Mimi hata maana yake siijui."

Mimi niliijua. Wewe na mimi tunaijua, na kila mtu wa kwetu anaijua. Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Hakuna Shija bila Kulwa na Doto mbele yake. Kwa hiyo hukuwasahau. Ulikuwa unawahesabu. Ulikaa Maganzo, kimya, miaka yote ile, unawahesabu binti zako, na hukuwatumia hata neno moja. Nakwambia kweli, ningekuta umewasahau ingeniuma kidogo kuliko hivyo.

Nilimshika yule mtoto. Ana paji lako la uso.

Mama Shija akaniambia unarudi saa kumi na moja, nisubiri, atapika ugali na mlenda wa kwao. Nikasema nitasubiri. Karatasi ilikuwa palepale kwenye pindo, naisikia kila nikijigeuza. Niliwaza, akija nitamvuta kando, nitampa atie sahihi, nitaondoka, na yule binti hatajua lolote. Mpaka hapo bado nilikuwa nataka sahihi yako.

Kisha akaniambia, huku anakoroga, "Wifi, kule ziwani nyumba yenu ikoje? Mume wangu huniambia ana nyumba yake, mlango unatazama maji. Anasema kazi ikiisha atatupeleka tukakae huko, nisahau vumbi hili."

"Anasema hivyo?"

"Kila siku. Anasema aliijenga kwa mikono yake mwenyewe."

Nikamrudishia mtoto. Nikamwambia nimekumbuka kwamba lori la Shinyanga linaondoka mapema, nami sina mahali pa kulala mjini. Alinisihi sana. Alinifungia ugali kwenye majani nile njiani. Akauliza akuambie nini. Nikasema, "Mwambie dada yake amekuja kumsalimu." Najua alikuambia. Na najua kwamba huna dada. Kwa hiyo umekaa nalo neno hilo miezi yote hii, ukijiuliza nilikuwa nani, au ukijifanya hujui. Nilikuwa mimi.

Ile karatasi niliichana garini, nikavitupa vipande dirishani kabla ya kufika Mwanza. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akauliza, "Barua mbaya?" Nikamwambia, "Nzuri mno."

Sikutaka tena sahihi yako kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Sahihi hiyo ingekuwa inasema kwamba nyumba ni yako na mimi ni fundi wako. Ningeisimamisha upya kwa mgongo wangu, ningeipiga lipu, na siku moja ungekuja na sanduku lako la bati, na yule binti asiye na kosa, ukamwambia, "Ndiyo hii."

Nilirudi nikaenda kwenye baraza la mtemi. Sikuomba tena kusimamisha nyumba iliyoanguka. Niliomba kujenga mpya, kwa jina langu. Mzee Ngassa akasimama akasema hajawahi kuona mwanamke mwenye mume akaandikwa daftarini. Akifiwa na mume, sawa, mjane anaandikwa. Lakini mume wa huyu yu hai. Mzee mmoja wa baraza akauliza, "Nani aliyeijenga ile ya kwanza?" Mama Sabina hakungoja kuitwa. Akasema kwa sauti, "Mumewe alikuwa anaendesha baiskeli. Huyu alikuwa anakanda udongo, tumbo limefika hapa." Akaonyesha mbele yake mpaka watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Wakaniuliza nina la kuongeza. Nikasema, "Wazee wangu, nyumbani kwa mume wangu nimefika. Mwanangwa amesema kweli, yu hai. Ana nyumba, ana mke, ana mtoto. Nyumba yake iko Maganzo. Mwandikeni huko."

Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelisema mbele za watu. Mama yangu alikuwepo, hakuwa akijua. Nilisikia akivuta pumzi. Yule mzee akamwambia karani wa baraza, "Mtu mmoja hawezi kuandikwa kwenye nyumba ya Maganzo na kwenye shimo la huku. Mfute huku."

Wakakufuta, Baba Kulwa. Kalamu ilikwaruza mara moja tu.

Usidhani yaliishia hapo, au kwamba nilitoka nikiimba. Nilirudi bomani mara tatu nyingine. Bwana Afya akaja tena akaulizia choo kilekile. Bwana Shauri akasema jina sasa ni sawa, lakini hatua mia zinabaki hatua mia, kwa kuwa sasa ninajenga nyumba mpya, na nyumba mpya haina mjadala. Nikamweleza kwamba kazi yangu ni samaki, samaki hutoka majini, na sato hawezi kupanda kilima akanifuata. Akatabasamu kidogo. Akasema, "Mama, sheria hii sikuiandika mimi." Nikamwambia, "Hata mimi sikuiandika, Bwana." Akaniruhusu jiko la kukaushia samaki likae chini kando ya maji, lenye paa, lisilo na kuta wala mtu wa kulala ndani. Ndicho nilichopata.

Siku ya kupima, Mzee Ngassa alipiga hatua yeye. Unajua miguu yake ilivyo mirefu. Nikamwomba nipime kwa miguu yangu, kwa kuwa nyumba ni yangu. Akakataa, akasema hatua ni za Serikali. Hatua yake ya mia ilimfikisha juu ya mwamba, nyuma ya mihogo ya Mzee Lugata, mahali ambapo hata mbuzi hapapendi. Tumevunja jiwe kwa moto na maji wiki tano ili kupata msingi. Sasa kila asubuhi nashuka, na kila jioni napanda na maji kichwani, na goti langu la kushoto linanisuta. Nikiwa kitandani siyasikii mawimbi. Nasikia mihogo ya mtu.

Na kile kibali, kilipotoka, karani alikuwa ameandika, "Mwenye nyumba: Mke wa Masanja."

Nikamrudishia. "Andika tena."

"Mama, mhuri umeshapigwa."

"Piga mwingine."

"Karatasi hizi huja kwa hesabu."

"Nitasubiri ije nyingine."

Nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa nalijua vizuri benchi lile. Mchana ukapita, akatoka kwenda kula, akarudi, akanikuta. Akanitazama, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine. Zilikuwepo. "Haya, jina lako nani?" Nikamwambia herufi moja moja, kwa sauti, asikosee: Kabula binti Malimi. Aliandika, nikasoma, nikaondoka. Sikumwambia asante. Mpaka leo nasikia aibu kidogo kwa hilo, kisha nakumbuka mwaka mzima niliopoteza, aibu inanitoka.

Ningependa kukuandikia kwamba nina furaha. Sina, bado. Nimechoka, na kila nikitazama chini naona mchanga uliokuwa na mlango wangu, mtupu, mitumbwi ya watu imeegeshwa pale, hakuna anayeumia kwa mbung'o wala mafuriko. Nina hasira na amri, nina hasira na Mzee Ngassa na miguu yake, na wote hao nikiwajumlisha hawafikii robo yako. Wao angalau kila nilipowaendea niliwakuta wakanijibu, hata kama ni jibu baya.

Nina mambo mawili tu ya kukuomba. La kwanza, mweleze Mama Shija. Nilikuwa na nafasi ya kumweleza mimi, na sikuitumia, kwa sababu alinipa maji kabla ya kuniuliza jina. Hiyo kazi ni yako. Usimwahidi tena nyumba ya ziwani, wewe huna nyumba ziwani. Barua hii nampa dereva wa lori, na bahasha sikuitia gundi. Usipomweleza, iko siku atapata mtu wa kumsomea.

La pili, Shija atakapoweza kutembea vizuri, mlete awaone dada zake. Nimeshawaambia kwamba yupo. Kulwa alilia. Doto aliuliza kama anajua kuogelea. Mtoto hana kosa, na kwangu atakula samaki mpaka ashibe.

Wewe mwenyewe ukimleta, utaiona nyumba kutoka mbali, iko juu ya mwamba, peke yake. Panda taratibu, njia ina mawe. Ukifika mlangoni usisukume. Simama nje, piga hodi, ungoje nikujibu.

Ni mimi, mama wa Kulwa na Doto,
Kabula binti Malimi